Kibao Nilichokitia Chini ya Maharage

Mshauri wangu, shikamoo. Nisaidie mwanao, nina jambo limenikaa kifuani tangu Alhamisi, na jina langu naomba usilitaje. Mie ni mpishi wa shule moja ya inglishi midiamu huku Madale, kazi naipenda, watoto nawapenda, tatizo ni kibao. Pale Kiswahili ni marufuku mpaka kwenye foleni ya chakula, na mtoto akiteleza anavishwa kibao cha mbao shingoni, anatembea nacho hadi amnase mwenzake, sasa wameshajua dirisha la jiko halina wa kuwakamata, kila mapumziko wanajaa pale, "Bibi jiko, tumbo linaniuma," "Bibi jiko, mama kajifungua," nami nawasikiliza huku nasonga ugali, na walimu wenyewe wanakujaga kuchukua chai wanapiga umbea wa Kiswahili hapohapo. Alhamisi kaja binti wa darasa la pili, tumwite Clara, kibao shingoni, sketi imelowa, nikamuuliza mbona hukuomba ruhusa ya kwenda chooni, akasema, "Niliomba, mwalimu akanivalisha hiki, akasema rudia kwa Kiingereza, nikawa nakumbuka, nikachelewa." Hasira zikanipanda, nikakivua nikakisukuma motoni chini ya sufuria ya maharage, mbele ya macho yake. Kumbe kinatafutwa, na kwa kuwa yeye ndiye alikuwa nacho mwisho, kaambiwa na mkuu wa shule Jumatatu asije bila mzazi, na mtoto wala hajanitaja, anasema tu kimepotea. Nikisema, kibarua kitaota nyasi, nikinyamaza, usingizi sina. Nifanyeje?

Mpishi, Madale

Mzee Ansbert anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na kukugombeza. Kibao hakikuwa chako, na mali ya shule haichomwi hata ikiwa mbaya. Lakini moto ni kosa dogo. Kubwa ni kumwachia mtoto wa darasa la pili akulindie ajira. Yeye kafunga mdomo kwa ajili yako. Wewe umefunga kwa ajili ya nani?

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili, na sikichukii hata kidogo. Wazazi wanakitaka kwa sababu sekondari masomo mengi huja kwa lugha hiyo, na asiyeielewa hukaa darasani kama mgeni aliyekosea nyumba. Hawakosei. Ila mtu hujifunza lugha kwa kuizungumza na kuikosea, na mwenye kibao shingoni hujifunza kitu kimoja tu, kunyamaza. Wanafunzi wangu walipokwama niliwafafanulia kwa Kiswahili, tukarudi kwenye Kiingereza, na walifaulu.

Kwa hiyo Jumatatu uwe mlangoni kwa mkuu wa shule kabla Clara na mzazi wake hawajafika. Sema, "Kibao nilikichoma mie, mtoto hana kosa." Usimshitaki mwalimu, usitoe hotuba. Akishapoa, mweleze habari ya sketi, kisha omba jambo moja: anayeumwa au anayetaka kwenda chooni asikilizwe kwa lugha yoyote. Moja tu. Ukiomba saba utanyimwa yote.

Na dirisha lisifungwe. Mwambie unataka watoto wakufundishe Kiingereza saa ya mapumziko, waanze na sufuria, mwiko na chumvi. Mtoto anayemfundisha bibi yake hasahau somo.

Kufukuzwa? Sidhani, walimu watapigia wapi umbea? Ikitokea, utaondoka ukiweza kumtazama Clara usoni.

Wala usihangaike kutafuta maneno makubwa ya kuungama. Nina hakika mkuu alipomuuliza Clara kibao kiko wapi, alimuuliza kwa Kiswahili.