Kilemba cha Mjomba Tawakali

Jumatatu, 3 Juni 1957

Posa imejibiwa. Ndiyo! Harusi Ijumaa ya tarehe 21, Inshallah. Mimi na Salumu! Karani wa forodha, ana baiskeli yake na anacheka kwa meno yote. Leo nimeandika jina lake ubaoni mbele ya watoto wa darasa la kwanza, nikalifuta upesi. Wamecheka wote. Vitoto vya Lindi havifichwi kitu.

Jioni nikakimbia kwa Mjomba Tawakali, kaka yake Mama. Alikuwa uani anapepeta mchele. Nilipomwambia, ungo ukaenda kwake na mchele kwake, akanikumbatia na kulia juu ya kanga yangu. Severini, fundi anayekaa naye, akasimamisha cherehani barazani. Akasema gauni ni lake, nisije nikamkimbilia fundi mwingine. Mjomba akaanza kupanga pale pale: hina siku hii, piko siku ile, pilau apike nani (yeye!), na kilemba atakivaa vipi. Atakiinamisha kidogo kushoto, kama marehemu Babu.

Kilemba ndicho anachokisubiri tangu nizaliwe. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndugu wa baba anaozesha, sheria ndivyo inavyosema, lakini siku hiyo hiyo upande wa bwana harusi humvika mjomba kilemba mbele ya watu. Asipovikwa, bibi harusi katoka kwao kama kuku aliyeibwa.

Na huyu ndiye aliyenilea. Baba alipokufa Mama hakujiweza, alikuwa wa kulala tu. Mjomba alinisuka nywele. Severini alinipeleka skuli mabegani wakati wa masika, yeye Mkristo wa bara, mimi nimeshika juzuu yangu. Sijaota meno, hao wawili wako nyumba moja. Chumba kimoja. Sikuwahi kuuliza. Nani huuliza kwa nini jiko lina mafiga matatu?

Alhamisi, 6 Juni

Bi Mwahija amekuja. Mama yake Salumu. Kaja na udi wake na bangili zake, kakaa kwenye kiti kizuri.

Alianza kwa mbali. Yeye hana neno, ila watu. Ndugu zake wanatoka Kilwa, watu wa dini. Salumu naye kazini wanamtazama, anatarajiwa kupandishwa cheo. Kwa hiyo haitapendeza, dada yangu, kilemba cha ukoo kukaa juu ya kichwa cha hanithi. Alilitamka hivyo hivyo, kitumbua kiko mdomoni.

Kitumbua alichokipika Mjomba!

Mama akainamisha kichwa. Na mimi? Nikammiminia chai ya pili. Nikanyamaza. Haikumwagika hata tone. Adabu nimefundwa, tena nimefundwa sana, laiti wangenifunda kidogo tu.

Binti yake mkubwa alipoolewa, nani alimpamba? Tawakali. Nani alikaa naye siku mbili chumbani, akamtuliza alipolia? Wanawake wa mji huu wote wamepita mikononi mwa Mjomba. Wamemwekea viganja vyao, wamemwambia siri za waume zao. Siku hizo hakuwa hanithi. Alikuwa “Tawakali wetu.”

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwona Salumu nje ya ukuta wa skuli. Amesimama na baiskeli, mguu mmoja chini, kama mtu aliyejiandaa kukimbia.

Nikamuuliza. Akasema Mama yake ndiye aliyesema. Nikamuuliza tena: na wewe? Akasema yeye Mjomba anampenda, nafahamu hivyo, kala kwake mara ngapi! Lakini ni siku moja tu, Mwanaima. Akae mbali siku moja. Baadaye tutakwenda kumsalimia kila Idi.

Shati alilovaa amelishona Severini. Naujua ule mshono wa begani.

Nikamwambia, shati lako limekukaa. Akasema ahsante. Ahsante! Akapanda baiskeli, akapiga kengele kwa furaha, akaenda zake. Nami nampenda, hiyo ndiyo balaa. Ningekuwa simpendi ningelala usingizi.

Jumanne, 11 Juni

Mjomba mpya amewasili. Ndiyo, siku hizi wajomba wanaagizwa.

Mama alikwenda Mingoyo jana, leo karudi na Likwata, binamu yake wa mbali. Sijapata kumwona tangu nizaliwe. Kaja na mkeka chini ya kwapa na njaa ya mwezi mzima. Ananiita Mwanaidi. Nimemsahihisha mara mbili, kisha nikachoka. Huyu ndiye atakayevikwa. Kama si kilemba cha ukoka hicho, basi sijui ukoka ni nini.

Baba mdogo Bakary naye amefika kutoka Pande. Ndiye atakayeniozesha kwa niaba ya marehemu Baba. Akaelezwa. Akasema haya, ilimradi amani.

Nilimshika Mama jikoni. Nikamwambia: huyo ni ndugu yako, tumbo moja, ziwa moja. Akanigeukia, macho mekundu, nikajua si moshi. “Na wewe ni mwanangu. Unataka nichague vipi? Uje uozee humu ndani kwa ajili ya kilemba?” Nikamuuliza nani atakayemwambia Mjomba. Akapangusa mwiko kwa kanga, akapangusa tena.

“Wewe. Wewe anakusikiliza.”

Nikatoka nje.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda. Sikuhitaji kusema kitu. Lindi haina ukuta, alikwisha jua. Kanzu nyeupe aliyoipiga pasi kwa ajili ya siku yangu ilikuwa imekunjwa, imewekwa juu ya kabati.

Akafanya mzaha. Kichwa chenyewe kina upara, kilemba kingeteleza kikaangukia supu. Nikacheka, mjinga mimi. Severini hakucheka. Akasimamisha cherehani, akasema: “Mkono wako wanautaka, uso wako hawautaki. Na wewe unawachekea.” Mjomba akamwambia nyamaza, wewe mtu wa milimani usiyejua shughuli za watu wa mjini. Hivi ndivyo wanavyotaniana miaka yote. Lakini leo Severini aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango. Polepole. Ningependa angeubamiza.

Mjomba akaniuliza: unampenda?

Nampenda.

Basi, mwanangu. Yamekwisha.

Hayakwisha! Nina hasira naye kuliko na Bi Mwahija. Kwa nini halii? Kwa nini hatukani, havunji hata sahani moja? Miaka yote anawapikia, anawapamba, anawazikia wafu wao, na siku wanapomfukuza anawafungulia mlango wasije wakaumia mkono. Nimerudi nyumbani nikampigia kelele Likwata kwa sababu ya kukalia kanga yangu. Maskini, yeye ana kosa gani. Anakula tu.

Jumatano, 19 Juni

Gauni limeletwa na jirani. Severini hakuja. Limenikaa kama ngozi yangu.

Nimelivua upesi. Sitaki kulitazama.

Alhamisi, 20 Juni

Leo lazima niandike, nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi Bi Mwahija alileta mpakaji hina wake, mama mmoja mwenye sifa nyingi. Akanipaka mguu wa kulia. Ilipobanduliwa, lo! Madoa matupu. Ungedhani nimekanyaga tope la mikokoni. Somo yangu, kungwi aliyenifunda, akashika mdomo. Bi Mwahija akauzunguka ule mguu wangu, akautazama huku na huku, jasho linamtoka. Ndugu zake wa Kilwa watauona kesho.

Kisha akasema, bila haya, bila kumeza mate: “Mwiteni Tawakali.”

Wanawake wakatazamana.

“Kwa mlango wa uani. Na asionekane.”

Asionekane vipi, mchana kweupe, barazani kumejaa wageni? Bi Mwahija alikuwa na dawa. Akavua buibui lake mwenyewe, akampa mtu apeleke.

Na akaja! Mjomba wangu kapita katikati ya mji amefunikwa gubigubi, kapita mbele ya wale wazee wa Kilwa, wakamwachia njia wakidhani bibi. Wanaomsema kwamba si mwanamume ndio waliomvisha buibui. Yeye aliyekuwa anaisubiri siku ya kuvaa kilemba.

Alipolivua chumbani alikuwa anacheka. Wanawake wakacheka naye. “Tawakali wetu!” Wakamletea kahawa, wakamletea mto. Mama peke yake hakucheka, akasema anakwenda kutazama moto.

Akanishika mguu. Akayafuta yale madoa kwa ndimu, akaanza upya: maua, majani, mpaka kwenye kifundo. Machozi yangu yakawa yanaanguka, ananiambia usiniharibie kazi, hina haitaki maji ya chumvi. Nikamnong'oneza: Mjomba, kwa nini umekuja? Akajibu bila kuinua kichwa, “Mguu una kosa gani?”

Alipokuwa akinimalizia viganja akaniambia la kesho. Baba mdogo atakuja mlangoni na mashahidi, atauliza kama nimeridhia. Mwari hajibu. Mwari akinyamaza, kanyamaza kwa kuridhia. “Kwa hiyo huna kazi, mwanangu. Nyamaza tu. Ndiyo yako ndiyo hiyo.” Kisha akalivaa lile buibui, akatoka alikoingilia.

Bi Mwahija ameniangalia miguu. Amesema mashallah. Anajisifu kwa wageni kwamba mpakaji kamleta yeye.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika kwa penseli, juu ya sanduku, nimebanwa na gauni. Wote wamekimbilia nje ila Mama.

Imekuwa hivi. Baada ya sala wanaume walijaa barazani. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Likwata akaketishwa kitini, ndugu yake Salumu akamvika kilemba. Kikubwa mno, kikamshukia mpaka kwenye nyusi. Watu wakasema mashallah. Salumu alikuwa anautazama mkeka. Hata mara moja hakuinua macho.

Kisha Baba mdogo akaja mlangoni na mashahidi wawili. Pazia katikati. Akaniita kwa jina langu na la marehemu Baba, akauliza kama nimeridhia aniozeshe kwa Salumu. Somo yangu akanifinya paja: kimya. Wanawake wameshika pumzi, vigelegele vimewajaa kooni.

Na mimi nilikuwa nimenyamaza, Wallahi. Nilikuwa nimekwisha nyamaza. Ila nikakumbuka: kwa Bi Mwahija nilinyamaza, nikammiminia chai. Kwa Salumu nilinyamaza, nikamsifia shati. Kwa Mama nilitoka nje. Kila mmoja alichukua kimya changu akaenda nacho kwake, akakihesabu ndiyo.

Nikasema, na sauti ikatoka ile ya kufundishia: “Mjomba wangu hajavikwa kilemba.”

Baba mdogo akasema, kavikwa, mwanangu, sasa hivi.

“Yule simjui. Hata jina langu halijui.”

Mtume! Ungesikia. Somo yangu kasema nimepandwa na pepo, ukaletwe ubani. Bi Mwahija analia uani kwamba nimemvua nguo mbele ya ukoo wake. Baba mdogo na mashahidi wamerudi barazani, wazee wa Kilwa wanauliza mjomba gani, mjomba yupi, na hakuna anayetaka kuwajibu. Sauti ya Likwata naisikia: anauliza kama chakula kitapakuliwa. Wengine wanasema Salumu ameinuka mkekani. Wengine wanasema ameketi tena. Inuka, Salumu! Inuka hata kama ni kwa kunikasirikia.

Mama yuko kitandani.

Sasa hivi dirisha la uani limegongwa. Mjomba. Habari zimemfikia huko huko. Kaja bila buibui, kichwa wazi, kavaa ile kanzu nyeupe, na mkunjo wa kabati ungali unaonekana kifuani. Anahema. Ananiomba, wakirudi ninyamaze. “Wataondoka, mwanangu. Utampoteza. Mimi nimeshazoea.”

Nikamwambia, mimi sijazoea.

Nyuma yake kasimama Severini. Katikati ya uani, katikati ya masufuria na wanawake wa mji mzima, na mkono wake uko begani kwa Mjomba. Hauondoi. Sijapata kuona hivyo hata ndani kwao.

Wanarudi. Hicho ni kikohozi cha Baba mdogo. Atauliza mara ya pili. Mama ameinuka, amekwenda mlangoni, ameshika pazia kwa mikono miwili. Sijui anataka kulifungua au kulizuia.

Mjomba ameweka kidole mdomoni. Severini nyuma yake anatikisa kichwa, hapana, hapana —