Kontua Chini ya Kamayu

Jumatatu, 27 Oktoba

Nagayoshi, mwenzangu kwenye kamati ya volkano, kaniletea slesi za mlima. Anaukata Onigase kwenye kompyuta kama mtu akataye figili, kilomita kwa kilomita kwenda chini, na juu ya kila slesi anachora kontua – mstari mmoja, kasi moja ya mawimbi ya matetemeko. Mawimbi yakichelewa, pana mwamba ulioyeyuka. Za Aprili kushoto, za mwezi huu kulia. Zinafanana kama mapacha.

"Umeona? Mlima umelala," akasema.

Mlima uliolala hautikisi vikombe vya dada yangu. Fumie ana nyumba ya wageni Kamayu, kwenye chemchemi za moto, ubavu wa mashariki. Anasema maji ya bwawa la nje yamekuwa rangi ya chai.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimepata. Programu inajichagulia mistari yenyewe! Kwa kila slesi inachukua kasi ndogo kabisa na kubwa kabisa, kisha inagawa mistari kumi katikati. Kasi zimeporomoka tangu Aprili, lakini picha imebaki ileile. Ni kipimajoto kinachobadili namba zake kila mgonjwa akizidi kuchemka. Na namba zenyewe zimefutwa kwenye mistari, kwa sababu mwenyekiti wa kamati, Profesa Kusumoto, anapenda karatasi safi. Eti namba zinawatisha mameya.

Nimechora upya. Thamani zilezile kwa slesi zote. Kushoto, duara dogo. Kulia, duara limevimba, limekula ubavu wote wa mashariki, limepita chini ya Kamayu.

Nagayoshi aliufuata mstari kwa kidole. "Mbona hukuniambia kabla sijapiga muhuri kwenye karatasi ya kamati?"

Jumatano, 29 Oktoba

Kwa Kusumoto. Akaisifu.

"Picha nzuri, Tokumaru-san. Lakini karatasi imeshazunguka."

Imeshazunguka. Huku kwetu karatasi hupita mlango kwa mlango kabla ya kikao, kila mjumbe akigonga muhuri wake mwekundu, ili siku ya kikao ibaki kazi ya kutikisa kichwa tu. Mihuri yote imelazwa kidogo kushoto, inamwinamia mwenyekiti. Umebaki wangu.

"Izunguke tena," nikasema.

"Wiki mbili hizo. Na bila mihuri yote kikao cha Ijumaa hakikai. Kisipokaa, hakuna mwenye mamlaka ya kufunga barabara, hata ukiwa sahihi."

"Na kikikaa na karatasi hii?"

"Kitasema hakuna mabadiliko. Wewe gonga, halafu mwishoni upewe dakika zako kama kawaida. Wamekuzoea."

Wamenizoea. Makala zote zile magazetini, ugomvi wote ule – nimekuwa jogoo wa jirani. Anawika, watu wanageuza ubavu.

Nimesoma habari za milima mingi iliyoua. Sikumbuki hata mmoja uliokosa kamati.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimempigia dada. Funga nyumba wikiendi hii, nikamwomba.

"Vyumba vyote vimejaa. Watu wanakuja kuangalia majani mekundu, Jumatatu ni sikukuu. Niwafukuze kwa ajili ya duara?"

"Dada, lipo chini ya jiko lako."

"Tsuneo, tangu darasa la nne unatangaza mwisho wa dunia. Ulimfanya marehemu mama alale na viatu." Akacheka, kisha akaacha. "Kamati ikisema, nafunga saa hiyohiyo. Kamati. Si wewe, mdogo wangu."

"Na maji?"

"Kama kahawa sasa. Wageni wanayapiga picha."

Ijumaa, 31 Oktoba

Karatasi iko mezani pangu. Karani wa kamati, Bi. Uragami, kasimama mlangoni na kidau cha wino mwekundu. Nikigonga, atatoa nakala na kuzigawa.

"Wameshakaa, Mwalimu. Chai inapoa."

Nisipogonga, hakuna kikao, barabara wazi. Nikigonga, mlima umelala, barabara wazi, na Fumie ana neno la kamati lenye jina langu chini yake. Niliwaza kuugonga muhuri wangu kichwa chini, ile njia ya wazee ya kusema napitisha lakini sikubali. Watacheka tu: Tokumaru huyo. Mkutano utaendelea.

Nimeweka slesi yangu juu ya yao. Ukubwa ni uleule! Inaziba picha yote, inaishia hapo mihuri inapoanzia. Kwenye nakala yatakuwa majina yao chini ya mistari yangu. Mimi, niliyewaandama watu waliogeuza takwimu hadi wakajiuzulu. Kila neno nililowaandikia nalikumbuka.

Gundi iko kwenye droo. Nimeitoa. Bi. Uragami kaitazama, kisha kaufunga mlango nyuma yake, akiwa bado ndani.

Anauliza kama gundi ya aina hii hukauka upesi.