Jibu la Wimbo wa Baba

Matemwe, Unguja
Desemba 11

Kwako dada yangu Otilia,

Shikamoo dada. Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje? Na Baba anaamkaje siku hizi, mkono bado unamganda asubuhi au umelegea kidogo? Mimi napumua na ninakula. Mgongo unauma, lakini sitaki kujaza karatasi kwa habari za mgongo. Najua huko Mbinga mvua imeshashika na njia ya kushukia kigangoni ni utelezi mtupu. Huku ni joto. Jua linapiga juu ya mawe meupe na kukurudia usoni.

Barua hii anakuletea Gaudensi wa mzee Hyera. Anapanda boti Malindi Jumamosi, anakuja kula Krismasi nyumbani. Nimemwomba akupe mkononi, asimpe mtu mwingine. Utashangaa mtu ana simu halafu anaandika barua kama watu wa zamani. Sababu ipo, utaiona ukifika mbele. Nakuomba usiichane kabla hujamaliza. Ujumbe wako niliupata, ule wa kusema Krismasi hii nisitume wimbo, Baba hataki kusikia kitu kutoka kwangu. Nimeusoma kazini, nimeusoma kitandani, na sijaona pa kuupingia. Ila nataka ujue kilichotokea, halafu wewe na Baba muamue.

Tangu Mama atutoke, sisi watatu tumekuwa na desturi yetu ya mkesha wa Noeli. Kila mmoja anachagua wimbo mmoja wa Krismasi anaoupenda kuliko yote, anawapa wenzake wausikilize. Ilianza na ile redio ya kaseti ya Baba iliyofungwa kwa mpira. Nilipoondoka kutafuta kazi tukahamia kwenye simu. Baba, kwa vile ni mwalimu wa kwaya, alituwekea sharti lake: ukiletewa wimbo lazima useme kitu, na usiseme ni mzuri tu, kwa sababu hata aliyelala anaweza kusema ni mzuri. Ndipo ukaja utani wetu. Wewe unapenda kwaya za akina mama wenye sauti za juu kabisa, na mimi kila mwaka nakwambia mwimbaji wako kabanwa na mlango. Wewe unasema nyimbo zangu zote ni za kusindikizia ng'ombe. Baba anatucheka wote wawili, halafu anatuambia ni nani aliyeimba chini ya noti.

Mkesha wa mwaka jana nilikuwa nimekaa na wenzangu wa kazini kwenye baraza ya nyumba ninayopanga, kwa Bi Mwanamkasi, mama mmoja mkulima wa mwani wa hapa Matemwe. Simu ikatikisika mfukoni. Nikaona umetuma sauti. Nikaweka simu sikioni, nikatikisa kichwa, nikacheka ili wenzangu waone naletewa mambo mazuri kutoka nyumbani. Kisha nikakujibu kwa maandishi kwamba mwimbaji wako wa mwaka huu kabanwa mdomo na mlango, mfungulieni aimbe. Nikaweka na nyuso za kucheka.

Sikujua kuwa wimbo ule hukuuchagua wewe. Sikujua kuwa ni Baba, anaimba mwenyewe wimbo wake wa wachungaji alioutunga kabla hatujazaliwa, ambao siku zote alikataa kuutoa usiku wa mkesha akisema ni aibu mtu kujichagua. Sikujua kuwa majuma mengi alikuwa akiufanyia mazoezi kitandani, yeye ambaye tangu apigwe na kiharusi mdomo umekwenda upande. Na wewe ulikuwa umekaa naye, ukamsomea jibu langu kwa sauti kabla hujaliangalia lilivyo.

Uliponiandikia kuwa Baba amegeukia ukutani na hataki kula, nilikudanganya. Nilisema mtandao ulikuwa mbovu, sikuusikia wimbo vizuri. Ukanijibu kuwa simu yako inakuonyesha nimeusikiliza mpaka mwisho. Nikasema basi nilikuwa natania tu. Hapo nikaharibu zaidi, maana ikawa nilijua ni Baba na bado nikamcheka. Ukaanza kunipigia, nami sikupokea. Ulipiga Pasaka, ukapiga Baba alipolazwa tena, na mimi niliitazama simu ikiwaka mkononi mpaka ikazima. Ukaniandikia kuwa Unguja imenipa kiburi. Nilikuacha uamini hivyo.

Hata hapa wananiita mwenye kiburi. Bi Mwanamkasi alinitolea uvivu siku moja mbele ya majirani. Alisema hajapata kuona mgeni wa namna hii, anasalimiwa asubuhi kama anasalimiwa mchungwa, na kama huko bara ndivyo watu wanavyolelewa basi bara kuna msiba. Wanawake waliokuwa wakianika mwani wakaangua kicheko. Nikainama nikamwamkia shikamoo. Akajibu marahaba, lakini alitazama pembeni.

Kazini ilikuwa mbaya zaidi. Tunajenga hoteli, na kazi yangu ni mashine ya kuvunjia mawe. Ardhi ya huku ukifukua kidogo tu unakutana na matumbawe, na hayatoki kwa sururu. Unaikumbatia mashine kutwa nzima, mwili wote unatetemeka mpaka meno. Msimamizi wetu, Bwana Abbas, ni mtu wa haraka. Akikupa amri hairudii, na ukimtazama bila kufanya anasema unamjaribu. Kuna siku aliniagiza niache shimo moja nihamie jingine, nikaendelea kuchimba pale pale. Akaniambia mbele ya watu kuwa wanaotaka mashine hii wamejaa mjini Mwanakwerekwe, anaweza kumleta mwingine kesho. Nikaomba radhi. Nilikuwa naomba radhi kila siku, dada, mara nyingine bila kujua kosa.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa hanichukii, kijana wa hapa hapa Matemwe anaitwa Mudrik, anayezoa vifusi ninavyovivunja. Ni mtu wa mizaha, mdomo wake haupumziki. Juma lililopita nilikuwa chini ya shimo la tangi la maji, shimo refu kuliko mtu. Juu yangu kulikuwa na bamba la jiwe lililoanza kupasuka kwa ule mtetemo. Mudrik aliliona. Aliniita, akapiga kelele, akanirushia kokoto, na kokoto yenyewe nilidhani ni vumbi la mashine. Akaruka ndani akanisukuma. Mimi nilianguka upande wa pili. Jiwe likamwangukia yeye mguuni.

Wenzetu walipomtoa walitaka kunipiga. Mmoja anayeitwa Mmanga, mtu mkubwa mwenye mikono ya kuvuta nyavu, alinikaba shingo akiniuliza kama damu ya Mudrik kwangu ni maji, mtu anaitwa ili aokolewe na bado anampa mwenzake mgongo.

Kesho yake nikaenda hospitali mjini. Mama yake Mudrik, Bi Tahiya, alikuwa kando ya kitanda. Aliponiona alisimama. Alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake, akaniuliza kwetu mtu akiitwa huwa ananuna, akasema mwanawe sauti imemkauka kwa kuniita mimi, na mguu huu ukikatwa nitamletea wangu? Nilikuwa nimekwenda na machungwa. Sikuwa na pa kuyaweka. Nikabaki nimeyashika.

Basi Mudrik, na mguu wake umefungwa na kuning'inizwa, akaanza kucheka. Alimwambia mama yake amwache kiziwi wake akae. Nilimwona mdomo ukilitamka neno hilo, kiziwi. Nikakaa.

Ndiyo dada. Ndilo lenyewe. Masikio yangu yamekwisha.

Yalianza kuondoka mwaka wa pili wa mashine hii. Kwanza yalikuwa yanalia kama nyenje, nikadhani yatapona. Kisha ndege wakanyamaza. Kisha watoto. Mkesha wa mwaka jana, nilipoweka simu sikioni pale barazani, sikusikia kitu isipokuwa nyenje wangu. Nilisubiri mpaka alama ya sauti ikafika mwisho, nikaandika utani wetu wa kila mwaka, maana nilijua wimbo wako ungekuwa wa akina mama wa sauti za juu. Nilijibu kwa mazoea. Mengi ya niliyokuandikia hapa nimeyaokota kwa kutazama midomo, na mengine Mudrik kanisimulia baadaye.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kazini nisingesema, maana hakuna anayemwachia kiziwi mashine. Lakini kwako na kwa Baba sababu haikuwa kazi. Baba alinifundisha solfa kabla sijajua kuandika jina langu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini noti alizonipigia kwa kijiti mezani sikuziacha. Alikuwa akiwaambia watu kigangoni kwamba huyu mtoto hana akili ya vitabu, ana masikio. Nikaona bora aniite mshenzi kuliko ajue kwamba hata hayo sina. Nilikosea. Nimemwacha mzee mwaka mzima akiamini mwanawe anaucheka mdomo wake.

Mudrik aliniambia amejua tangu mfungo wa Ramadhani. Aliandika kwenye simu yake ili nisome, maana midomo yake inakwenda mbio mno. Alisema alikuwa ananijaribu, nikigeuka tu ananitukana kwa nyuma matusi yote ya Unguja, hata yale wanayotukanana wavuvi baharini, na mimi naendelea kuchimba kama malaika. Akaandika, "Yakhe, nshakutukania ukoo wako mzima, hukugeuka hata siku moja. Mtu mwenye masikio angeniua." Bi Tahiya alisoma naye, akaziba mdomo, sijui kwa aibu ya matusi ya mwanawe au kwa huruma. Kisha akayachukua yale machungwa.

Mudrik akaniwekea sharti. Nimwambie Abbas na niwaambie watu wangu, nisipofanya hivyo atafanya yeye, kwa sababu mguu mmoja anao wa kunipa, wa pili hana. Mguu hautakatwa, namshukuru Mungu, ila atatembelea mkongojo kwa muda mrefu.

Daktari wa masikio pale pale alinipima. Kasema la kulia halirudi. La kushoto limebaki kidogo, na kilichoondoka ni sauti nyembamba, nzito bado zinaingia mtu akiniinamia. Nikiendelea na mashine, na hicho kidogo kitakwenda. Nikamwambia Abbas. Hakunifokea kama nilivyotegemea. Alinyoosha mkono akachukua glavu zangu, akampa kijana mwingine. Kwa hiyo kazi sina, na ndiyo maana ninaweza kuja.

Kabla ya kuondoka hospitali nilifanya jambo nililopaswa kulifanya mwaka jana. Nilimwomba Mudrik anitafutie ule wimbo kwenye simu, anifunge vile visikilizio vyake sikio la kushoto, aongeze sauti mpaka mwisho. Nikaziba la kulia kwa kiganja. Dada, nimemsikia Baba. Wimbo haukuja wote. Alianza juu, na huko juu sikupata kitu, nikadhani nimechelewa. Kisha akashuka, pale wachungaji wanaposhuka bondeni, na akaja, sauti yake ileile, ikikwama, ikivuta mguu, lakini haikuiacha noti. Mudrik aliniandikia kuwa katikati Baba aliishiwa pumzi, na kuna mwanamke akaingia taratibu kumshikia wimbo mpaka alipoweza tena. Ni wewe. Wewe sikukusikia hata kidogo. Nisamehe.

Sasa nakuomba umsomee Baba barua hii yote, usiruke kitu, hata matusi ya Mudrik, atacheka. Kisha umuulize kama nije. Mwaka huu situmi wimbo, sina cha kuchagua. Ninataka ule wake, kwa mdomo wake, mimi nimekaa karibu. Akisema nisije, nitakaa huku, sitamlaumu na sitauliza tena. Jibu niandikie kwenye simu, neno moja tu linatosha, lakini usipige, maana ukipiga nitaitazama ikiwaka kama siku zote.

Nisalimie shemeji na watoto, na watu wote wa kigango wanaoniulizia, kama wapo. Bi Mwanamkasi anawasalimu, siku hizi akitaka kuniamkia ananivuta shati kwanza. Mudrik naye anamsalimu Baba, anasema wimbo wake kaujua kichwani ingawa yeye si mtu wa Krismasi.

Na kama Baba atakubali, mwambie sasa nampa jibu la wimbo, jibu la kweli, kwa sharti lake mwenyewe. Alianza juu mno, kama kawaida yake. Mwaka huu aanze chini, chini kabisa, aniimbie sikio la kushoto.

Mimi mdogo wako,
Wendelini