Kijicho cha Dada Faida

Jumatatu, 1 Machi 1954. Kashebere.
Nimetwanga muhogo, nimeanika. Mwanangu Sifa kakataa ziwa tena. Dada Faida, jirani yetu, kapita, kasimama mlangoni anamtazama mtoto. Yeye hakujaliwa kuzaa. Alimtazama mno, hata salamu yangu hakuisikia. Sikupenda.

Jumatano, 3 Machi.
Mume wangu katekista anasema kijicho ni dhambi, basi. Lakini neno lenyewe limetoka wapi? Nilimwuliza mama mkwe tukichambua maharage. "Jicho ya muntu iko kubwa, inaona milima yote. Akitamani kitu ya mwenzake inapunguka, inaona ile kitu tu. Njo inaitwa kijicho."

Na dawa yake? Kuonjesha. Kwao Buleusa, nyama ya mawindo ikikatwa, kila aliyeitazama hupewa kipande, hata mpita njia, ili jicho lake litulie. Kwa hiyo, anasema, nimpe Faida mtoto ambebe. Ng'oo! Sifa si nyama ya mtego.

Ijumaa, 5 Machi.
Mwili wa mtoto ni moto. Faida kaja tena na tena, anataka kumwona. Anataka nini kwangu? Nimefunga mlango mchana kweupe. Kisimani nikawaambia wanawake kuwa Faida anamwonea mwanangu kijicho. Lisemwalo lipo. Wote wakasogeza mitungi yao mbali na wake. Nilifurahi.

Jumamosi, 6 Machi.
Fungu la majani mlangoni pangu. Mama mkwe kamwona Faida akiliweka. Uchawi! Nikalitupa motoni.

Mama mkwe kaliopoa kwa kijiti, kanusa, kanifokea. Ni majani ya kuoshea kinywa cha mtoto. Huyapati ila ndani kabisa ya msitu. Tukamfungua Sifa mdomo: vidonda vyeupe, ulimi mzima. Mimi mama yake sikuviona. Faida aliviona akiwa mlangoni. Naona aibu.

Jumatatu, 8 Machi.
Sifa ananyonya. Majani machache yaliyopona moto yalitosha.

Nimempeleka kwa Faida ambebe mpaka achoke. Nyumba tupu. Nasikia jana kanisani hakuna aliyekaa naye benchi moja. Baada ya misa akashika njia ya Masisi, kwa kaka zake. Hakuaga mtu.

Wanawake wamekuja kuniuliza kama shamba lake nitalichukua mimi, maana maharage yamekomaa. Nimewaambia waondoke. Nimekaa kizingitini kwake mpaka Sifa akalala.