Siku ya Kumi na Moja

Makambako,
9 Mei 1954

Dada yangu Priska,

Kamwene, dada. Huku tu wazima, ila mama watoto anakohoa kwa baridi hii. Mashine yangu ya kusaga inanguruma tangu asubuhi. Natumaini na wewe u mzima huko kazini hospitali ya misheni, na kwamba Ema, mtoto wa kaka, anakula.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unataka nije Njombe niwaambie wakubwa kuwa kaka Nahumu alipomuua mkewe Idda hakuwa na akili zake. Siji, na sababu nakupa kwa hesabu.

Miaka mitatu iliyopita wewe mwenyewe uliniambia niandike kwenye daftari kila mara anapoanguka kifafa, ili daktari wenu ajue. Niliandika. Nilipohama kwake, Idda alinitumia tarehe kwa mdomo wa Silvesta, dereva wa basi. Ameanguka mara thelathini na moja. Kati ya kuanguka na kuanguka, siku hazijawahi kupungua ishirini na sita. Mara ya mwisho ilikuwa Jumanne tarehe 6 Aprili. Idda ameuawa Jumamosi tarehe 17. Toa mwenyewe. Siku ya kumi na moja, dada. Ugonjwa ulikuwa bado kufika.

Hesabu ya pili. Ukiacha siku za kifafa, alimpiga Idda mara kumi na tisa ninazozijua. Nyapara wa shamba la miti ya miwati aliyemtukana mbele za watu, alimgusa? Mimi alinivunja mkono wa kushoto mwaka wa 52 kwa sababu nilikuwa nakula kwake na sina pa kwenda. Aliyevaa viatu hakupigwa hata mmoja. Ugonjwa gani huo unaomtazama mtu miguuni kwanza? Na usiniambie habari za vita vya Bama, alikopigana na Wajapani. Wengine nao walirudi kutoka Bama, wanalima pareto.

Idda alikuja kwangu tarehe 7, uso umevimba, akakaa siku kumi. Ni mimi niliyemwambia arudi, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Pasaka, na mke wa Mkristo hawezi kuikosa meza ya Bwana kwao eti yuko ugenini kwa shemeji. Nilimwambia ana siku kumi na tano za salama, hesabu ipo. Kwa hiyo usiseme sina uchungu. Mwendesha mashtaka akiliomba daftari, nitampa.

Mdogo wako,
Kefa


Njombe,
23 Mei 1954

Mdogo wangu Kefa,

Nakusalimu, pole kwa kikohozi cha shemeji, achemshiwe maji ya tangawizi. Mimi mzima. Ema anakula, ila analala na gauni lake la kutokea na hataki kulivua.

Nimekwenda mahabusu. Nahumu ameniuliza kwa nini Idda haleti chakula. Nikamweleza upya. Hii ni mara ya nne namweleza, na kila mara analia kama mtu anayeambiwa leo.

Sasa nisikilize. Ulimi wake una jeraha la meno. Jirani yao Telesia alimwona siku ile ameketi uani, suruali imelowa, anatafuna na mdomoni hamna kitu kama kila akitoka kuanguka, na Idda, hata hajatua mzigo vizuri, anainama kumfuta uso. Ndipo Nahumu aliposhika mpini wa jembe.

Nimelifungua fundo la Idda, lile alilotoka nalo kwako. Ndani ya kanga kulikuwa na kopo la vidonge vya Nahumu. Tarehe 1 Aprili nilimpa Idda vidonge thelathini, kimoja kila jioni. Alivitunza yeye, kwa maana Nahumu huvitema asiposimamiwa. Nimevihesabu: ishirini na vinne. Wewe ni mtu wa hesabu. Tangu Idda akimbie tarehe 7, mumewe hakumeza hata kimoja.

Daktari amenieleza hivi: ubongo unafanya kazi kwa chumvi na maji yake, na pale kipande cha bomu kilipomwachia Nahumu kovu, kazi hiyo inavurugika. Kidonge kinaituliza. Ukikikatisha ghafla, vurugu inarudi kubwa kuliko ya mwanzo, na haingoji siku ishirini na sita. Daftari lako lilianza mwezi ule ule vidonge vilipoanza. Ulikuwa ukihesabu nguvu ya dawa, Kefa.

Lakini kopo limekutwa na mimi, dada wa mshtakiwa. Watasema nimelipanga mwenyewe. Anatakiwa mtu aliyeliona Makambako siku zile kumi, naye ni wewe tu. Sentensi moja inatosha. Jaji anasikiliza kesi Jumatatu, tarehe 28 Juni. Akionekana mgonjwa, watampeleka Dodoma kwa wagonjwa wa akili. Akionekana mzima, watamnyonga.

Dada yako,
Priska


Makambako,
3 Juni 1954

Dada Priska,

Salamu. Sisi wazima.

Sikuona kopo. Mimi si mpekuzi wa mafundo ya wanawake.

Nilitoka Njombe mkono ukiwa kwenye bandeji na shati moja mgongoni. Nilibeba magome ya miwati kwa mkono uliobaki, nikalala ghalani, sikunywa, sikumpiga mtu, na Mungu anajua nilivyotamani. Leo nina mashine na watu wananiita bwana. Sasa daktari wako anasema kaka alifanyiwa na chumvi za kichwani. Sawa. Na mimi niliyejizuia, nilifanyiwa na nani? Sitaki kuambiwa nilizaliwa na chumvi nzuri.

Mdogo wako,
Kefa


Njombe,
13 Juni 1954

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote nyumbani. Hapa si wagonjwa wala si wazima.

Barua yako sikumsomea Nahumu. Nilimwambia tu kuwa unazo mara kumi na tisa kwenye hesabu yako. Akasema, nami nakuandikia kama alivyosema:

“Mwambie Kefa hizo kumi na tisa nilipiga mimi. Na mkono wake nilivunja mimi, najua. Hii moja siijui. Wakininyonga kwa zile, sawa, lakini waseme ni kwa zile.”

Habari za kopo sikuulizi tena. Nakuuliza kama utapanda basi la Jumamosi tarehe 26, au hupandi.

Dada yako,
Priska


Makambako,
Ijumaa, 25 Juni 1954

Dada,

Leo sina salamu.

Kopo nililiona. Tarehe 8 Idda alitaka kumpa Silvesta alipeleke Njombe. Alisema, “Shemeji, bila hivi ataanguka vibaya.” Nikamjibu mwache aanguke, ajue thamani ya mtu anayemtunza. Nikamnyang'anya, nikaliweka juu ya boriti nyuma ya mashine. Kila asubuhi nilikuwa naliona. Aliniomba mara mbili zaidi, kisha akaacha kuomba. Tarehe 17 nilimrudishia mkononi, nikamhesabia siku zake kumi na tano, nikampandisha basi.

Siku zile sikuwa nimelewa. Sikuwa na homa. Kichwani sina kovu. Nilikuwa na hasira ya mkono wangu, nami niliipenda.

Mwonyeshe Jaji karatasi hii.

Mdogo wako,
Kefa


Njombe,
2 Julai 1954

Kefa,

Barua yako imenifika juzi, Jumatano. Basi la Jumamosi linachukua watu. Mfuko wa barua unatoka Makambako Jumanne. Hilo unalijua kuliko karani wa posta.

Kesi ilianza Jumatatu saa tatu, ikaisha Jumanne kabla ya saa sita. Daftari lako lilikuwa mezani pa mwendesha mashtaka. Ulilipeleka lini sijui, ila lenyewe liliwahi. Alisoma siku kumi na moja kwa Kiingereza, mkalimani akarudia kwa Kiswahili, mzee mmoja wa baraza akarudia polepole kwa Kibena. Daktari alieleza habari za vidonge. Akaulizwa nani aliliona kopo huko Makambako. Watu wakageuka kutazama mlango.

Watamnyonga.

Daktari ameipeleka barua yako kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Amejibiwa kuwa karatasi haiwezi kuulizwa maswali, anatakiwa aliyeiandika, na siku za rufaa ni chache. Sitakuandikia ni ngapi.

Nahumu alipokuwa anatolewa aliyatazama mabenchi yote, akaniuliza kama umefika. Nikamwambia unaumwa. Akaniuliza unaumwa nini.

Dada yako,
Priska