Ndege wa Kona ya Kioo

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila miguu inaniuma kwa kusimama dukani kutwa. Umeniuliza darubini gani itakufaa kutazamia ndege wa nyuma ya nyumba, maana masikio yamekataa kabisa, hata simu umeiacha. Nimekuchagulia inayokuza mara nane. Ya mara kumi na mbili wateja wanaigombania, lakini mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege anacheza ngoma. Nilitaka kukupa ya jicho moja, kwa kuwa hilo la kushoto halijaona kitu tangu nizaliwe, nikajua utanuna.

Binti yako

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, uziwi tu ndio hauna likizo. Darubini imefika. Ungeleta ya jicho moja ningeirudisha kwa posta ileile! Fundi saa ana heshima yake. Miaka arobaini jicho hili la kulia limetazama vigurudumu, sasa linatazama chiriku wanaokuja kunywa bombani. Wako kumi na wanne. Nawaona wakifungua midomo, nakumbuka sauti zao, nafurahi mno. Kasoro ni moja: kwenye kona ya chini kuna kidoa cheusi, utadhani ndege amekaa. Nikigeuka, naye anageuka. Lenzi ina uchafu ndani. Mimi na vyombo tunajuana.

Baba

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Sisi huku salama. Pole kwa usumbufu, na tafadhali usiifungue, nakujua. Vumbi huwa linaingia tangu kiwandani. Nakutumia nyingine ya mara nane. Hii nimeikagua mwenyewe nikiwa mlangoni pa duka, haina hata alama. Ile mbovu nirudishie.

Binti yako

26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, habari za kazi? Mpya imefika, na ndege yuleyule yumo! Tena amenenepa, ameshafunika nusu ya bomba. Jioni anametameta pembeni hata darubini ikiwa mezani. Nimemwita Mgeni: kaingia bila hodi, na kuaga hataki. Duka lenu limeuziwa mbovu tupu. Chiriku sasa nahesabu tisa. Mshonaji aliyehamia chumba cha mbele ananionyesha kwa vidole kwamba wapo wote kumi na wanne. Nadhani macho yake ndiyo mabovu.

Baba

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Darubini mbili haziwezi kuwa na ndege mmoja. Hayumo kwenye kioo, yumo jichoni mwako. Nyuma ya jicho kuna utando unaotuwezesha kuona, na wako unabanduka. Nenda hospitali sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma. Ukiwahi wanaweza kuurudisha. Ukichelewa, basi. Mimi nauza lenzi, nikawaza lenzi tu. Nisamehe, baba yangu. Namba ya huyo mshonaji sina. Naanza safari Jumamosi, lakini barua itanitangulia. Usinisubiri. Nenda.

Binti yako

8 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Mimi sijambo, ila mwanga wa wiki hii ni mbaya. Naegemeza kalamu kwenye rula, kwa hiyo usicheke mistari. Barua yako ilifika jana. Niliitambua kwa kuipapasa, maana wewe stempu hubandika mbili kila mara. Nimeifungua, Mgeni akaikalia yote. Mshonaji alinigusa bega, akaichukua anisomee, nikamnyang'anya. Kwa uziwi huu ingebidi apige kelele mtaa mzima usikie, na maneno ya mwanangu ni yangu mimi. Nimeikunja nikaiweka chini ya darubini isipeperuke. Mgeni akisogea kidogo nitaisoma. Najua si ya haraka: ukiwa na shida huandika kurasa tatu, na hii nimeihesabu kwa vidole, ni mmoja tu.

Baba