Shahidi wa Pili wa Mwezi

Maramba

Kwa dada yangu Mwanaidi, Mkwaja.

Shikamoo dada. Natanguliza shikamoo mapema, usije ukasema bara limenila adabu. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka kuku wanahama? Huku sote wazima, ila mvua imetukalia kichwani; nguo hazikauki, na mkonge ninaoupima shambani naunusa hata kwenye chai.

Dada, ile kamera ya sanduku uliyonicheka nilipoinunua, ukasema kichwa kimeota mvi sasa kinataka mchezo, imeniponza. Kila jioni nasimama uani kupiga picha mawingu yakishuka milimani na nyota zikichomoza. Nyota zangu hutoka vidoa vidoa. Mke wangu anasema ni chawa. Basi jioni ya kutazamia mwezi wa Idi, mbingu imefunga, mara wingu likapasuka juu ya mlima. Nikauona! Mwembamba kama ukucha. Nikapiga picha, na wingu likaufunika tena.

Nikakimbilia msikitini, kiatu kimoja mguuni. "Maalim, mwezi umeandama!"

Wakaangua kicheko. Wananijua kwa mzaha, dada. Siku hiyo nilionja uchungu wake: nasema kweli, na hakuna anayeniamini.

"Idi yataka mashahidi wawili," akasema Maalim. "Wa pili nani?"

Nikainyanyua kamera.

"Hiyo nayo imefunga leo?"

"Haijatia kitu kinywani tangu alfajiri, Maalim."

"Bakari, wacha utoto! Picha iende Tanga ikasafishwe, irudi, na sisi tumekaa na njaa?"

Uso ukanishuka. Hapo akaingia Bwana Nassoro, Mwarabu mwenye duka mkabala na kwangu, mtu asiyecheka hata umtekenye. "Nilitoka barazani kumtazama huyu mwehu analenga nini," akasema. "Nikatupa macho kule alikolenga. Wallahi, mwezi nimeuona."

Takbira zilivyopaa, dada! Mke wangu akainjika chungu cha pilau papo hapo, nami nikakabidhiwa mbuzi na nazi nikune. Shahidi mzima!

Picha iliporudi, Idi tulikwisha kuisahau. Nakutumia uione: wingu, mpapai, na suruali yangu kambani. Mwezi hamna. Nilimpelekea Maalim. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kumbe mkweli ni wewe," akasema. "Mwongo ni kamera."

Sasa mwezi wa Mfunguo Tatu, wa Idi Kubwa, u karibu, na jana Maalim kaniletea mtu: jioni ya kuutazamia nisimame na Maalim mbele, kamera niiache nyumbani.

Nisalimie shemeji na usingizi wake, na mama mkubwa mpika vitumbua. Mwambie navila ndotoni. Wanao wote wabusu vichwani.

Ni mimi mdogo wako, niliyeanza kuaminiwa uzeeni,

Bakari